Mabati ya Mwanahamisi

Mwanzoni Mwanahamisi alitaka kuondoka Mikindani kimya kimya, na mabegi mawili na mbuzi yake ya kukunia nazi. Binti yake wa pekee, Saida, muuguzi wa zahanati huko Mpanda, alimpigia simu mara tu mama yake alipomaliza eda ya marehemu baba.

"Mama, njoo ukae na mimi. Usijisumbue na vyombo. Huku sufuria zipo, kitanda kipo, njoo na nguo tu."

"Na nazi zipo?"

"Nazi za kuletwa, mama. Tena chache."

"Basi nakuja na mbuzi yangu. Siku zikiletwa, zinikute."

Ilikuwa mwezi wa kwanza, mvua zimeshashika. Mwanahamisi akaanza kupanga vitu vyake vya maisha mazima sebuleni, vya kwenda na vya kubaki. Alipanga kwa moyo mweupe. Kitanda cha mninga alimwachia mama mkwe wake, Bi Mwanahawa, bibi mkavu mwenye ulimi mkali aliyekaa chumba cha nyuma cha nyumba ile ile. Masufuria makubwa aliyagawa kwa majirani. Mapazia aliyafua, akayapiga pasi, akayarudisha madirishani. Jirani alipomuuliza kwa nini hayachukui, alisema, "Nyumba isibaki uchi. Fadhili hakuwa mtu wa kuishi nyumba ya uchi."

Fadhili ndiye mumewe aliyefariki. Alikuwa mlinzi wa ghala la korosho, mtu mpole wa kucheka taratibu. Alimkuta Mwanahamisi huko upande wa Nanyamba, kwenye mashamba ya wazazi wake, akamwoa na kumleta pwani. Kwao hawakumpokea vizuri. Dada yake Fadhili, Sabra, alikuwa ameolewa na mtu mwenye uwezo huko Shangani, Mtwara mjini, na tangu siku ya kwanza alimwita wifi yake "yule wa porini." Hakulisema kwa siri. Alilisema mezani, kwenye harusi na kwenye hitima, na watu walicheka kwa kuwa aliyesema ndiye aliyeleta mchele.

Kisha Fadhili akapata kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulikufa, na maneno yakawa yanatoka nusu nusu. Miaka yote iliyofuata Mwanahamisi alimgeuza, alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko, alimbeba kumtoa barazani apate upepo. Sabra alikuja sikukuu za Idi. Alisimama mlangoni na ncha ya mtandio puani, akaacha mfuko wa tende, akarudi kwenye gari.

Mshahara wa mgonjwa ulikoma, na Mwanahamisi akaanza kubangua korosho uani. Mafuta ya maganda yale hula ngozi. Vidole vyake vilichubuka, vikaota ngozi mpya, vikachubuka tena, hadi ncha zake zikawa nyeusi na laini kama zimepigwa rangi, na simu ya kugusa ikakataa kumtambua. Korosho alizikaanga, akazifunga kwenye vifuko, akawauzia abiria wa mabasi ya Lindi.

Nyumba ile ilikuwa ya baba yake Fadhili, ya kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, lakini paa lilikuwa la makuti yaliyooza. Masika moja maji yalimdondokea mgonjwa kifuani usiku kucha, naye hakuweza kusogea wala kuita. Mwanahamisi aliapa kwamba hilo halitatokea tena. Akabangua. Akaungaunga hadi akanunua mbao na mabati, akamwita fundi Kasiani kutoka Mtwara akapiga kenchi na kuezeka nyumba nzima. Baadaye akatia milango mipya, madirisha ya grili, simtanki la maji na choo cha ndani chenye sinki, ili mgonjwa asihangaike kupelekwa uani. Mikindani nzima ilijua mabati yale yalitoka wapi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku Sabra alipofika.

Alikuja asubuhi na mzee Mohamedi, mjumbe wa mtaa, nyuma yake. Mwanahamisi alikuwa anafunga zipu ya begi la pili. Akainuka, akawapa mikono.

"Karibu, wifi. Karibu, mzee. Kaeni niwape chai."

"Chai siitaki," Sabra alisema. "Nimesikia unasafiri. Nimekuja na mjumbe tuone unachoondoka nacho. Mambo ya mirathi haya, bora yawe wazi."

"Nguo zangu tu, wifi."

"Tutaona."

Akaliburuta begi hadi barazani, kwenye mwanga, akalifungua zipu na kulipindua. Kanga zikamwagika, na shuka, na chupa ya mafuta ya nywele. Nguo za ndani zilizochakaa zikaangukia kwenye ngazi, mbele ya watu wanaopita kwenda sokoni. Sabra akainua moja kwa vidole viwili, akaitikisa kana kwamba kuna kitu kingedondoka, akaitupa. Mzee Mohamedi akageuza uso akatazama barabara. Barazani kwa majirani wanawake waliacha kuchambua mchele.

Chini kabisa kulikuwa na redio ndogo. Mwanahamisi aliinunua ili Fadhili asikilize mpira akiwa amelala.

"Hii ya kaka yangu," Sabra alisema, akaitia kwenye mkoba wake.

Mwanahamisi alikuwa anatazama nguo zake kwenye ngazi.

"Ulikuja hapa na kapu," Sabra aliendelea, sauti juu ili isifike kwa mtu mmoja tu. "Nyumba ni ya baba yetu. Sisi si watu wa dhuluma. Ulichonunua wewe ni chako, chukua. Cha kwetu acha."

"Rudia, wifi," Mwanahamisi alisema taratibu. "Mzee Mohamedi asikie vizuri."

Sabra akacheka. "Nirudie nini? Nimesema ulichonunua wewe chukua chote! Usiache hata msumari. Hatutaki kitu cha mtu wa porini kwenye nyumba ya baba. Jumamosi naleta mpangaji, mtu wa maana, anataka kuifanya nyumba ya kulala wageni. Nataka nikute peupe."

"Utakuta peupe," Mwanahamisi alisema.

Gari la Sabra lilipoondoka, jirani mmoja alikuja kumsaidia kuokota nguo. Mwanahamisi alimshukuru, akazikusanya mwenyewe, hata zilizoingia vumbi, akaziweka kwenye beseni. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango. Akaushika mlango ule. Akaufungua, akaufunga tena. Mlango ulikuwa wake. Akatembea chumba hadi chumba, akigusa fremu, grili, swichi za umeme, bomba la choo. Alipofika kwenye chumba alichofia Fadhili alisimama katikati, akainua uso, akatazama juu kwa muda mrefu.

Baadaye alimweleza Saida kwamba miaka yote ile hakuwahi kumchukia Sabra. Alimwogopa tu, na alidhani hiyo ndiyo heshima. Siku ile, chini ya mabati yake mwenyewe, woga ulimtoka wote, na kilichoingia mahali pake kilikuwa kitamu kiasi kwamba alikaa chini sakafuni akacheka peke yake.

Jioni hiyo alikwenda kwa mzee Mohamedi.

"Mzee, mabati ya nyumba ile ni ya nani?"

Mjumbe alikohoa. "Mama Saida, tusifike huko."

"Nimeuliza tu. Ni ya nani?"

"Ni yako. Nani asiyejua?"

"Na leo ulisikia wifi alivyosema?"

"Nilisikia."

"Alisema nini kuhusu msumari?"

Mzee Mohamedi alimtazama, na polepole akaelewa. Alivua kofia, akakuna kichwa, akaivaa tena. "Mimi keshokutwa nina kazi Mtwara mjini," alisema. "Nitashinda huko kutwa. Nikiulizwa, nitajibu nilichosikia kwa masikio yangu. Zaidi ya hapo sijui."

"Nakushukuru, mzee."

Fundi Kasiani ndiye aliyekuwa mgumu. Alikuja, akalizunguka jengo, akatoka na uso wa msiba.

"Mama Saida, nimeezeka nyumba nyingi. Kuezua nyumba nzima yenye afya sijawahi. Kuta hizi za chokaa zikinyeshewa zitalainika. Baada ya masika moja au mbili hapa hapatakuwa na kitu."

"Nakusikia, fundi."

"Na mabati utayapeleka Mpanda? Si utayalipia nauli kubwa kuliko bei yake?"

"Siyapeleki Mpanda."

"Sasa ya nini?"

"Siyataki mimi," Mwanahamisi alisema. "Sitaki wayapate wao. Unaweza au nitafute mwingine?"

Kasiani alitazama vidole vyake vile vyeusi. Huenda alikumbuka siku alizokuwa juu ya paa lile, akimwona chini uani amekunja miguu kwenye moshi wa maganda, anabangua ili mbao za kesho zipatikane. "Nitakuja na vijana wawili," alisema. "Tuanze mapema kabla mvua haijafunga."

Mahali pa kupeleka mabati Mwanahamisi alikuwa ameshapafikiria. Alimpigia Graca.

Graca alikaa Kilambo, karibu na kivuko cha Ruvuma. Ukoo wake ulivuka mto kutoka Msumbiji zamani za vita, wakabaki, wakalima mihogo na kufanya biashara huku na huku. Aliwahi kumletea Mwanahamisi samaki wakavu wa kuuza, na urafiki ukaanza. Fadhili alipofariki, Graca alikuja na kulala msibani siku zote, akapika. Sabra alipojua nani kapika, alichukua sinia la wali mbele ya waombolezaji, akalimwaga kwa kuku. "Hatuli mkono wa wakimbizi," alisema. Graca alizaliwa Kilambo. Aliosha sinia, akalirudisha jikoni.

"Ghala lako lililoezuliwa na upepo umeshaliezeka?" Mwanahamisi alimuuliza kwenye simu.

"Wapi, dada. Nimetandika turubai."

"Mwambie kaka yako Ivo aje na ile kenta yake ya mihogo. Nakupa paa."

"Paa gani?"

"La nyumba ya kina Sabra."

Mwanahamisi alisikia Graca akitafsiri kwa Kimakonde kwa mtu aliyekuwa karibu yake, kisha vicheko vya watu wengi. "Dada," Graca alisema aliporudi, "gari litakuwa hapo kabla ya jua."

Walianza Alhamisi. Mlio wa kwanza wa msumari ukichomolewa kwenye bati ulisikika hadi pwani, mlio mkali wa kukwaruza, na watu wakatoka nje mmoja mmoja. Hakuna aliyeuliza. Wanawake walioona nguo zake zikimwagwa kwenye ngazi walileta viti barazani kwao, wakakaa, kama watu waliokuja kwenye ngoma. Mmoja aliwaletea mafundi chungu cha uji. Mabati yalishushwa, yakapangwa kwenye kenta. Zikafuata papi, zile mbao za kupigilia mabati, kisha kenchi moja moja.

Mwanahamisi alimwagiza Kasiani asiguse sehemu ya nyuma. "Juu ya chumba cha mama mkwe uache. Yule bibi hakunimwagia nguo."

Hawakuwa marafiki, yeye na Bi Mwanahawa. Walikuwa wamegombania jiko, chumvi, kuku, na namna ya kumgeuza mgonjwa. Lakini walikuwa wamemlilia mtu mmoja chini ya paa moja. Mwanahamisi aliona kumnyeshea bibi kizee ni kuvuka mpaka.

Kumbe bibi alikuwa anasikiliza. Alitoka chumbani akishika ukuta, akasimama katikati ya ua akatazama juu, mahali palipokuwa na paa asubuhi.

"Kasiani!" aliita. "Kwangu mbona hujafika?"

"Kwako tumeambiwa tuache, bibi."

"Nani kakwambia? Toa!"

Mwanahamisi alikuja mbio. "Mama, mvua hii. Utalala wapi?"

"Kwa binti yangu," Bi Mwanahawa alisema. "Kwani mimi sina mtoto? Ana nyumba Shangani, vyumba havina idadi, vigae mpaka chooni. Miaka yote namwambia nichukue, ananiambia mama, wewe ndiye mlinzi wa nyumba ya baba. Nimekuwa mbwa wa kulinda geti. Wiki iliyopita kaja kunieleza, wageni wakianza kulala humu mimi nihamie stoo ya uani. Stoo! Pale mlipokuwa mnaweka maganda ya korosho!"

"Hukuniambia."

"Nikwambie ili iwe nini? Unilie? Wewe ulikuwa unapiga pasi mapazia." Akamgeukia fundi. "Kijana, toa bati langu. Toa na mlango. Pakiwa na mahali pakavu pa kulaza mkeka hapa, yule atanilaza hapo hapo."

Mwanahamisi na mama mkwe wake walitazamana. Haikutokea kukumbatiana, wala maneno ya kuombana radhi. Bibi alirudi chumbani kufunga virago vyake, na Mwanahamisi akainua kichwa.

"Umesikia, fundi. Toa."

Baada ya hapo hakubakiza. Grili zikang'olewa. Simtanki likateremshwa, likapakiwa safari ya pili. Sinki la choo lilimtoa Kasiani jasho, kwa sababu lilikuwa limeshikwa na saruji, naye alipendekeza waliache.

"Nani alilinunua?" Mwanahamisi aliuliza.

"Wewe."

"Basi."

Mapazia aliyoyafua na kuyanyoosha aliyateremsha mwenyewe, akamvika nayo Ivo mabegani huku wanawake wa barazani wakipiga vigelegele. Vitu vikubwa vyote vilikwenda Kilambo. Vile vidogo, bawaba za milango, vitasa, makomeo, swichi, balbu, koki za bomba, alivikusanya kwenye beseni. Hakutaka kumpa mtu. Hakuweza kueleza kwa nini. Alitaka kuvibeba mwenyewe, viwe mbali kabisa, mahali ambapo Sabra hata akimtuma mtu asingevifikia. Akavihamishia kwenye mabegi; la kwanza likajaa, la pili likakataa kufunga. Akatoa shuka, halikufunga. Akatoa kanga zote, akatoa viatu. Mwisho akatoa ile mbuzi ya nazi, akampa Graca, aliyekuja na kaka yake kwenye kenta. Zipu ikafika mwisho.

Basi lake lilikuwa la Ijumaa. Alikwenda stendi akaisogeza tiketi hadi Jumapili.

"Kuna nini?" Graca alimuuliza.

"Nataka nimwone uso."

Usiku wa Ijumaa alilala kwa jirani pamoja na Bi Mwanahawa, kitanda kimoja. Mvua ilinyesha kama imelipwa. Wanawake wale wawili walikaa macho gizani wakiisikiliza ikipiga bati la mtu mwingine, na bibi akasema mara moja tu, "Inaingia vizuri," kisha akalala.

Jumamosi saa za asubuhi gari la Sabra lilisimama. Alishuka na mpangaji wake, mwanaume aliyevaa shati la mikono mirefu, na sauti ya Sabra ilitangulia, inaeleza habari za mawe ya zamani na wageni wa Ulaya wanavyopenda nyumba kama hizi. Alikuwa ameshika funguo. Alifika kwenye ngazi akanyoosha mkono kutafuta kitasa, na mlango haukuwepo.

Aliingia. Mwanahamisi, kwenye baraza la jirani ng'ambo ya njia, alimwona akipita kutoka chumba hadi chumba kupitia matundu ya madirisha, kichwa kimeinuka. Maji yalisimama sebuleni hadi kwenye vifundo. Yule bwana wa mikono mirefu hakuingia. Alichungulia, akatazama viatu vyake, akarudi garini kusubiri.

Bi Mwanahawa alikuwa ameshavuka kutoka kwa jirani na kuketi kwenye ngazi, virago viwili vimefungwa kamba, mkeka umekunjwa, tambuu shavuni.

"Mama!" Sabra alitoka amepauka. "Nani kafanya hivi?"

"Shikamoo hakuna?"

"Mama, paa liko wapi?"

"Gari ndilo hili?" bibi aliuliza. "Hivi virago viweke nyuma. Mimi nitakaa mbele, miguu inaniuma."

Hapo Sabra akamwona Mwanahamisi. Alivuka njia huku ameshika gauni lisichafuke, machozi ya hasira yakimtoka.

"Wewe! Nitakufunga! Umebomoa nyumba ya baba yangu!"

"Kuta zote zipo, wifi. Kahesabu. Boriti za zamani za baba yako zipo uani. Nimechukua nilichonunua, kama ulivyoniambia. Msumari ukiuona, nionyeshe niufuate."

"Mzee Mohamedi yuko wapi? Mwiteni mjumbe!"

Mjumbe aliitwa, akaja taratibu, amevaa kanzu safi. Sabra akamwambia aandike kesi. Mzee Mohamedi alisikiliza hadi mwisho.

"Mama," alimwambia Sabra, "nilikuwepo. Ulisema achukue. Nilimwona kila mtu hapa akisikia. Nikienda popote kusema vingine nitakuwa mwongo, na mimi ni mtu mzima."

Sabra aligeuka kutafuta uso hata mmoja wa kumwunga mkono. Wanawake wa barazani waliinamia mchele wao. Ndipo akasema kwa sauti nyingine, ya chini, iliyokatika, "Fadhili alizaliwa humu. Ulikumbuka hilo?"

Lilimpata Mwanahamisi. Kisha akasema, "Na alifia humu. Alikuita jina lako siku mbili, kwa ule mdomo wake wa nusu. Nilikupigia simu nikasema njoo. Ulisema una wageni."

Sabra alirudi kwenye gari. Mama yake alikuwa ameshapanda mbele, kwenye kiti cha yule bwana wa mikono mirefu, na yule bwana amekaa nyuma na mkeka magotini.

Mwanahamisi aliondoka Jumapili. Basi lilipita Masasi na Tunduru, likafika Songea, akabadili, akaendelea kwenda kaskazini magharibi hadi nchi ikawa ya baridi, kisha ya misitu, hadi Mpanda. Saida alimpokea stendi, akajaribu kuinua begi moja, akashindwa.

"Mama, umebeba mawe?"

Nyumbani aliyafungua yote mawili akakuta vyuma vitupu. Akavitoa kimoja kimoja akivipanga sakafuni, bawaba, makomeo, swichi, koki zilizofungwa kwenye gauni moja la kulalia. Hakukuwa na kanga wala shuka wala viatu vya pili.

"Nguo zako ziko wapi?"

"Zilikosa nafasi."

Saida alikaa chini. Mwanzoni alicheka, kisha akalia, kisha akamtaka mama yake amsimulie mwanzo hadi mwisho, naye akasimulia, akiruka sehemu ya nguo za ndani kwenye ngazi. Saida alikuwa ameshaisikia sehemu hiyo kwa majirani. Kesho yake alikwenda sokoni akamnunulia kanga za kutosha, na zile bawaba akazitia kwenye ndoo chini ya kitanda, zikakaa hapo zikishika kutu.

Habari za Mikindani zilikuja kupitia simu ya Graca. Ghala lake lilikuwa limeezekwa lote na mabati yakabaki, akaezeka na jiko, na kila mgeni aliyefika Kilambo alionyeshwa. Mpangaji wa Sabra alipata nyumba nyingine. Chokaa ya ukuta wa mbele ilikuwa imeanza kumomonyoka na mbuzi wa mtaa wanalala sebuleni. Mume wa Sabra alikataa kununua mabati mengine, akasema hawezi kutupa mali kwenye magofu. Na Bi Mwanahawa alikuwa Shangani, kwenye chumba chenye vigae, anataka uji saa anayotaka yeye, anatema tambuu kwenye kopo la rangi katikati ya sebule, na anawaeleza wageni wa binti yake habari za stoo. Mara moja aliazima simu akampigia Mwanahamisi mwenyewe. "Hapa pazuri," alisema. "Ananichukia sana. Nitaishi sana." Akakata.

Wengine walimwambia Mwanahamisi kwamba moyo wa kisasi humla mwenyewe, na kwamba atakosa usingizi. Alilala vizuri. Alinenepa kidogo. Ngozi ya vidole ilianza kurudi, na siku simu ya Saida ilipoitikia kidole chake alishangilia kama mtoto. Saida alimfundisha kutazama humo hali ya hewa, ili ajue siku ya kuanika nguo. Mwanahamisi hakuitazama ya Mpanda. Kila asubuhi, baada ya sala, aliomba simu akaitafuta Mtwara, na kama hakuona vizuri alimwita binti yake.

"Leo wamesemaje huko?"

"Mvua, mama."

"Kubwa?"

"Kubwa. Mpaka jioni."

Basi alikunja kanga vizuri kiunoni akaenda kuwasha moto wa chai, akiwa ametulia.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne Saida alimjibu hivyo hivyo, na mama yake hakuinuka. Alikaa na simu mkononi, akiangalia kile kiwingu kidogo cha kuchorwa na matone yake. Alikuwa anafikiria kile chumba cha upande wa bahari, mahali kitanda cha Fadhili kilipokuwa, na maji yakidondoka pale pale, kifuani, kama usiku ule wa makuti. Saida alimwona akipapasa kanga yake kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha mahali.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna."

Siku hiyo hakula hadi jioni. Siku ya pili yake aliamka, akasali, akanyoosha mkono.

"Leo wamesemaje huko?"

"Mvua," Saida alisema.

"Haya," Mwanahamisi alisema, akaenda kuwasha moto.